Maswali ya Wasomaji: Maji ya Kuanzishia Akwariamu ya Bahari Mkoani Dodoma

Barua zinazojibiwa katika toleo hili zote zinahusu jambo moja. Ni kwa namna gani mtu anayeishi mbali na pwani, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakiwa yamebeba madini mengi, anaweza kupata maji yanayofaa kwa akwariamu ndogo ya samaki wa baharini. Barua ya kwanza imejibiwa kwa kirefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaegemea hapo.

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam. Ninaishi Ilazo, Dodoma, na nimewaahidi wanangu kwamba tutafuga samaki wa baharini katika tangi la kioo la lita 75. Tunataka samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja au wawili, na baadaye matumbawe laini. Maji yetu ni ya bomba, yanahifadhiwa kwenye tangi la plastiki juu ya mnara wa mita 4. Nimeyapima kwa mita ya TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini, kwa miligramu kwa lita) yakasoma 680. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando) ya maji ya kunywa, yenye hatua saba pamoja na taa ya UV na chujio la kurudisha madini. Mwingine ana mashine ya hatua nne tu, ya mwisho ikiwa resini (chembe za kunasa madini yaliyoyeyuka), isiyo na taa wala tangi la kuhifadhia. Rafiki yangu anasema kuchemsha kunatosha, kwa kuwa chumvi tutaitia wenyewe. Nichague lipi? — Msomaji, Ilazo, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hoja ya rafiki yako, kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi. Ni kweli kwamba lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na ukilinganisha na kiasi hicho, gramu 0.68 zilizomo katika lita ya maji yako zinaonekana si kitu. Lakini chumvi ya akwariamu inayouzwa madukani imepimwa na mtengenezaji wake ili kalisi, magnesi, potasi na viambata vingine viwe katika uwiano wa bahari pale inapoyeyushwa katika maji matupu. Maji yako si matupu. Yana kalisi na bikaboneti za miamba, yanaweza kuwa na naitreti na silika, na yakipita kwenye viungio vya shaba yanaweza kuokota shaba, ambayo hata ikiwa kidogo sana huwaua kamba, konokono na matumbawe kabla samaki hawajaonyesha dalili yoyote.

Jambo la pili ni zito zaidi, na kwa Dodoma ndilo linaloamua kila kitu. Akwariamu hupoteza maji kwa mvuke kila siku, nayo chumvi haiondoki pamoja na mvuke huo, hivyo maji yaliyopungua lazima yajazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Katika hewa kavu na upepo wa kiangazi chetu, tangi la ukubwa wa lako linaweza kupoteza lita moja na nusu kwa siku. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, tangi lako litabeba maji halisi ya kama lita 65. Gawanya 65 kwa 1.5 utapata siku 43. Maana yake ni kwamba katika muda usiofika mwezi mmoja na nusu utakuwa umeongeza maji ya kujazia yanayolingana na tangi zima, na kila kilichokuwa kimeyeyuka ndani yake kitakuwa kimebaki humo. Chukua mfano wa naitreti peke yake. Maji yenye miligramu 30 kwa lita yako chini ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50, kwa hiyo kwa kigezo hicho binadamu anayanywa bila wasiwasi. Ukiyatumia kujazia, ndani ya siku hizo 43 yatakuwa yamepandisha naitreti ya tangi kwa miligramu 30 kwa lita kabla hata ya kuhesabu uchafu wa samaki, na matumbawe mengi hayavumilii kiwango hicho. Maji salama ya kunywa na maji yanayofaa kujazia bahari ndogo ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo haimaanishi kwamba mamlaka ya maji imekosea.

Kuchemsha hakusaidii. Ukoko mweupe unaouona ndani ya birika lako ni sehemu ya kalisi iliyojitenga kwa joto. Sehemu iliyobaki, pamoja na naitreti na kloridi, hukolea zaidi kadiri maji yanavyopungua jikoni. Kuyaacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini tu, na taa ya UV huua vijidudu lakini haiondoi hata chembe moja ya madini. Kwa hiyo taa hiyo inayoongeza bei ya mashine ya kwanza haina kazi katika shughuli yako.

Sasa tutazame kila hatua inafanya nini, ili ujue unalipia nini. Chujio la kwanza, la mikroni 5 au 1, hukamata tope na kutu. Kwenye mitaa yenye mgao, maji yanaporudi baada ya siku kadhaa huja na rangi ya udongo, na chujio hili ndilo huziba kabla ya mengine yote. La pili ni la mkaa, ambalo huondoa klorini. Kazi yake kubwa ni kuilinda membreni, kwa kuwa membreni za kisasa huharibiwa na klorini. Hatua ya tatu ndiyo membreni yenyewe ya RO: utando ambao maji husukumwa kwa presha kupita ndani yake, huku asilimia 95 hadi 98 ya vilivyoyeyuka ikizuiwa na kuondoka na maji ya kumwaga. Kwa maji yako ya 680, membreni nzuri itakupa maji yanayosoma kati ya 14 na 34. Ya nne ni resini, ambayo hunasa ioni (chembe za madini zenye chaji ya umeme) zilizobaki hadi mita isome 0.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asinunue resini peke yake, maana ni rahisi kufunga na haimwagi maji. Resini hubeba kiasi maalumu cha ioni kisha huisha. Ikipokea maji ya 680 badala ya maji ya 20, itaisha mara 34 mapema zaidi. Membreni ndiyo inayofanya resini idumu, na resini ndiyo inayomaliza kazi ambayo membreni haiwezi kuimaliza. Kati ya mashine mbili ulizoonyeshwa, ninakushauri uchukue ya hatua nne. Ile ya hatua saba ni nzuri kwa kazi yake ya maji ya kunywa, lakini chujio lake la madini linarudisha kalisi na magnesi ambazo umelipa fedha kuziondoa. Msomaji ambaye tayari anayo nyumbani hana haja ya kununua mashine nyingine. Mwombe fundi aweke njia ya pembeni mara tu baada ya membreni, kabla ya tangi la kuhifadhia na kabla ya chujio la madini, kisha aongeze kopo la resini kwenye njia hiyo. Familia itaendelea kunywa maji yake, na akwariamu itapata yake.

Hata hivyo, hakuna mashine kati ya hizo mbili itakayofanya kazi kwako jinsi ilivyo, na hili sijui kama wauzaji walikueleza. Membreni za nyumbani hupimwa kiwandani kwa presha ya bar 3.5 hadi 4 na maji ya nyuzi joto 25. Mnara wa mita 4 unakupa bar 0.4 tu, kwa kuwa kila mita 10 za kimo huzaa takriban bar 1. Zaidi ya hapo, maji yenye chumvi yana mvuto wake wa kurudisha maji safi upande wa chumvi, na kwa maji ya 680 mvuto huo unakaribia nusu bar. Presha ya mnara wako inamezwa yote na mvuto huo. Ungefunga mashine, ukafungua bomba, ukaona maji yote yakitoka kwenye mpira wa kumwaga na matone machache tu kwenye mpira wa maji safi, tena matone yasiyo safi sana, kwa sababu presha ikipungua membreni huzuia chumvi kwa udhaifu pia. Kwa nyumba nyingi za Dodoma zinazotegemea tangi la juu, pampu ya kuongezea presha si ya hiari. Nunua pampu ndogo ya umeme wa volti 24 inayouzwa kwa mashine hizi, na hakikisha inakuja na swichi ya presha ndogo ambayo huizima maji yanapokatika, la sivyo itazunguka kavu na kuungua. Fedha ambayo ungeitoa kwa hatua tatu za ziada iweke hapo, na inayobaki inunue geji ya presha itakayofungwa kabla ya membreni. Geji ikisoma bar 4 na siku moja ikashuka hadi 3 wakati pampu ni ile ile, ujue machujio ya mwanzo yameziba na muda wa kuyabadilisha umefika.

Kuhusu ukubwa, usivutiwe na mashine zenye namba kubwa. Membreni iliyoandikwa galoni 50 kwa siku hutoa lita 190 kwa saa 24 katika hali iliyotajwa hapo juu. Wewe utahitaji lita 7 hivi kwa wiki za kubadilishia maji na lita 10 za kujazia, basi. Mwezi wa Julai, maji ya tangi la mnarani yanapopoa, uzalishaji utashuka kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi joto 1 chini ya 25, na bado utakuwa na ziada. Kinachofaa kutazamwa zaidi ni kama makopo yake ni ya kawaida ya inchi 10 na membreni yake ni ya kipimo cha 1812, kwani vipuri vya vipimo hivyo hupatikana kwa urahisi, ilhali mashine zenye makopo ya umbo lake zenyewe zitakurudisha kwa muuzaji mmoja kila mara.

Utaona kwamba kwa kila lita 1 ya maji safi mashine humwaga lita 3 au 4. Ninajua kwamba jambo hili linauma katika mji ambao watu hupanga ndoo kusubiri mgao, na halipaswi kupuuzwa. Lakini usikubali fundi abane mpira wa kumwaga ili kupunguza kiasi hicho. Maji yetu ni magumu, na yakikolezwa kupita kiasi kalisi itaganda juu ya membreni na kuiua. Kwa wiki utamwaga lita 50 hadi 70. Zielekeze kwenye pipa. Maji hayo hayana kitu kipya, ni yale yale ya bomba yaliyokolea kwa theluthi moja hivi, kwa hiyo yanafaa kabisa kudekia, kusuuzia gari na kumwagia chooni. Kumwagilia miti mikubwa mara moja moja hakuna shida, lakini usiyazoeshe kwenye miche wala kwenye mzabibu kama unao, kwa kuwa mzabibu hauvumilii vizuri chumvi inayojikusanya udongoni.

Mashine ikifika, pitisha maji kwanza kwenye machujio mawili ya mwanzo pekee hadi vumbi jeusi la mkaa liishe, ndipo uunganishe membreni. Maji ya mwanzo ya membreni mpya yamwage kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, maana hufungwa ikiwa na dawa ya kuihifadhi. Resini iunganishwe mwisho kabisa. Hifadhi maji safi kwenye ndoo au dumu la plastiki la chakula ambalo halijawahi kubeba sabuni, mafuta ya taa wala dawa, na usiyapitishe tena kwenye koki ya shaba. Chumvi yeyushe humo kwa kiasi cha kama gramu 35 hadi 38 kwa lita kulingana na maelekezo ya pakiti, ukizungusha maji kwa pampu ndogo hadi siku ya pili, kisha pima kwa refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi ya maji) mpaka upate uzito mahususi wa 1.025. Kamwe usifikirie kuyapitisha maji ya chumvi ya akwariamu kwenye mashine hii ili kuyasafisha upya. Bahari inahitaji presha ya zaidi ya bar 27 kuanza kutoa maji safi, na mashine ya nyumbani haiifikii hata kwa mbali.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi nina mashine ya RO yenye resini kwa muda sasa, hapa Kisasa, na ninatumia maji ya kisima kirefu. Baada ya membreni mita inasoma 15, ambayo nadhani ni nzuri, lakini resini inabadilika rangi, yaani inaisha, mapema mno ingawa ninachota lita mbili tu kila asubuhi za kujazia. Kioo cha tangi kimeanza kushika utando wa kahawia. Je, nimeuziwa resini mbovu? — Msomaji, Kisasa, Dodoma.

JIBU: Inawezekana, lakini kuna sababu mbili za kuchunguza kwanza, na nadhani zote mbili ziko nyumbani kwako.

Ya kwanza ni hizo lita mbili za kila asubuhi. Mashine ikizimwa, chumvi zilizo upande mmoja wa membreni huendelea kupenya taratibu kwenda upande wa maji safi mpaka pande zote zikaribiane. Kwa hiyo maji ya dakika za mwanzo baada ya kuwasha hayasomi 15. Jaribu kuyapima wewe mwenyewe, mara tu yanapotoka, na huenda ukaona 100 au zaidi yakishuka polepole. Mtu anayechota lita mbili kila siku huilisha resini yake maji hayo mabaya kila siku. Badala yake, washa mashine mara moja kwa wiki, weka koki ndogo ya kumwaga kati ya membreni na resini, acha maji yatoke hapo mpaka mita itulie kwenye 15, kisha fungua njia ya resini na ukinge lita zako 20 kwa mkupuo.

Ya pili ni kabonidioksidi. Maji ya visima virefu mara nyingi huja nayo kwa wingi, na kwa kuwa ni gesi, hupita kwenye membreni kana kwamba haipo. Mita ya TDS haiioni. Ikifika kwenye resini, hugeuka bikaboneti na kumaliza nusu moja ya resini, ile inayonasa ioni hasi, huku nusu nyingine ikiwa bado nzima. Kuna jaribio rahisi la kuitambua. Chota glasi ya maji mara tu yanapotoka kisimani, pima pH (kipimo cha asidi), kisha yapulizie hewa kwa pampu ya samaki mpaka kesho yake na upime tena. Ikiwa pH imepanda kwa kiasi cha kuonekana wazi, tuseme kutoka 6.8 hadi 7.6, gesi ipo nyingi. Tiba yake haina gharama kubwa: acha maji ya kisima yaanguke kutoka juu ndani ya tangi la kuhifadhia badala ya kuingia kwa chini, uyapulizie hewa humo kwa saa kadhaa, na mashine ivute maji kutoka tangi hilo.

Utando wa kahawia unaniambia kwamba umeendelea kutumia resini iliyokwisha. Resini ikijaa, huanza kuachia vitu ilivyovishika kwa udhaifu, na silika ni mojawapo ya vya kwanza kutoka. Silika huwa haisomeki vizuri kwenye mita ya TDS, kwa hiyo namba inaweza kubaki ndogo huku mwani wa kahawia, ambao hujenga ganda lake kwa silika, ukinawiri juu ya kioo. Badilisha resini leo, usisubiri rangi ifike mwisho wa kopo. Mwani huo utapungua wenyewe ndani ya majuma machache ukikosa chakula chake, na konokono wako watasaidia kuusafisha.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wilayani Kondoa. Klabu yetu ya sayansi imepewa tangi la lita 40 na tungependa kuonyesha wanafunzi viumbe wa bahari, lakini fedha ya mashine hatuna kwa sasa. Je, tunaweza kutumia maji ya betri, maji ya chupa, au kukinga mvua? — Mwalimu, Kondoa.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kazi hiyo, kwa kuwa watoto wengi wa bara hukua bila kumwona kiumbe hai wa bahari. Maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke yanafaa, lakini kuna hatari ninayotaka uichukulie kwa uzito. Kwenye rafu hiyo hiyo ya duka la vipuri huuzwa pia asidi ya betri, katika chupa zinazofanana, na baadhi ya wauzaji huviita vyote viwili maji ya betri. Asidi hiyo ni salfuriki, inachoma ngozi na macho. Mtu mzima ndiye anunue, asome maandishi, na apime kila chupa kwa mita ya TDS kabla haijafika darasani: maji halisi yaliyochujwa husoma 0 au 1 au karibu na hapo. Ikisoma namba kubwa, chupa hiyo isiingie shuleni.

Maji ya chupa ya kunywa hutofautiana sana. Lebo nyingi huonyesha jumla ya madini, na yale yenye chini ya miligramu 50 kwa lita yanaweza kuwavusha samaki wagumu kwa muda, ilimradi msiweke matumbawe. Kwa bei yake, hata hivyo, mwaka mmoja wa kujazia utawagharimu zaidi ya mnavyofikiri, na hesabu hiyo nzuri waachieni wanafunzi waifanye.

Mvua ni nafuu kuliko vyote viwili, ila inanyesha kwetu kati ya Desemba na Aprili tu, na paa la mabati huachia zinki, ambayo huwadhuru kamba na konokono kama shaba inavyofanya. Kingeni kwenye turubai safi la plastiki lililotandazwa mbali na paa na mbali na miti, baada ya manyunyu ya kwanza ya siku kuosha vumbi la hewani, kisha yahifadhini gizani katika madumu yaliyofunikwa. Yapimeni, mvua iliyokingwa vizuri itasoma chini ya 20.

SWALI: Ninaishi Singida mjini, umbali mfupi kutoka Ziwa Singidani. Maji yake ni ya chumvi. Kwa nini nisiyatumie badala ya kununua chumvi kutoka nje? — Msomaji, Singida.

JIBU: Kwa sababu ni chumvi nyingine kabisa. Singidani na jirani yake Kindai ni maziwa yasiyo na mto wa kutokea, ambamo maji huingia na kuondoka kwa mvuke, yakiacha nyuma soda nyingi na kalisi na magnesi kidogo mno kwa kiumbe wa bahari. pH yake iko juu ya ile ya bahari, ambayo ni kama 8.1 hadi 8.3, na ukali wa chumvi yake hupanda na kushuka kulingana na mvua za mwaka. Heroe wanaolifuata ziwa hilo wameumbwa kwa maji hayo, lakini samaki wa miamba ya matumbawe ukimtia humo atakufa. Kwa sababu hiyo hiyo chumvi ya jikoni haifai pia, kwani ni kloridi ya sodi karibu tupu.

SWALI: Sasa kwa kuwa treni ya SGR inatufikisha Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo, je, si bora nichote maji halisi ya bahari na kuachana na mambo ya mashine? — Msomaji, Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Maji ya bahari ni mazuri, na watu wa pwani wenye bahati hiyo huyatumia. Tangu safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilipoanza mwaka 2024, wazo hili limekuwa karibu zaidi na mikono yetu. Ukitaka kulifuata, usichote karibu na bandari wala karibu na mdomo wa Mto Msimbazi, na usichote siku zinazofuata mvua kubwa, kwa sababu mito huingiza uchafu na kuyapunguza makali maji ya ufukweni. Chagua ufukwe wa wazi, maji yakiwa yamejaa, yachuje kwa kitambaa kizito, yahifadhi gizani mpaka yatue, na upime uzito wake mahususi kabla ya kuyatumia. Lita 20 zina uzito wa zaidi ya kilo 20, kwa hiyo uliza kwanza masharti ya mizigo kwenye usafiri wako, na dumu lifungwe barabara, maana maji ya chumvi yakimwagika huharibu mizigo ya wenzako.

Lakini mashine hutakuwa umeiepuka. Bahari itakupa maji ya kuanzia na ya kubadilishia, lita 7 kwa wiki kwa tangi la kawaida la nyumbani. Maji ya kujazia, yale yanayopotea kwa mvuke kila siku katika ukavu wa Nkuhungu, hayawezi kuwa ya bahari, la sivyo chumvi itazidi kupanda mpaka samaki washindwe. Hayo ni lita 10 kwa wiki, zaidi ya yale unayoyasafirisha, na lazima yasome 0. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, nunua mita ya TDS, pima maji ya bomba lako na presha yake, uende dukani ukiwa na namba hizo mbili mkononi.